Lucas aliingia njiani bila ramani, Jackson alikuwa nayo

Katika dakika za mwisho za Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, chombo kiitwacho Millennium Falcon kinapenya hadi kwenye kitovu cha kituo cha kijeshi chenye ukubwa wa mwezi. Aliyeshika usukani ni Lando Calrissian. Pembeni yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho meusi makubwa, anaropoka mfululizo, anacheka, anatahadharisha. Watazamaji wa Marekani walidhani wanasikia lugha ya sayari nyingine. Wa Nairobi walijua wanasikia nini. Sauti ya rubani yule, Nien Nunb, ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na maneno yake ni Kikuyu na Kikalenjin. Wapo walioandika kuwa ni Kihaya, na sijapata kumsikia Mhaya akilikanusha hilo.

Lugha hiyo iliokotwa. Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars, alikuwa akisaka lugha ambazo masikio ya California hayajazizoea, kisha anazitia vinywani mwa viumbe vya George Lucas. Greedo, yule muwinda watu wa filamu ya kwanza, alipewa Kikechua cha milima ya Andes. Ewok, vijitu vya msituni vyenye manyoya, wakapewa matamshi yaliyoanzia kwa Wakalmyk.

J.R.R. Tolkien alifanya kinyume. Huyu ni profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892 na kuondoka Afrika angali mtoto wa miaka mitatu. Alianza kwa kubuni lugha, zenye sarufi zake na historia ya jinsi matamshi yalivyobadilika karne hadi karne, ndipo akatafuta watu wa kuzizungumza na ardhi ya kuwaweka watu hao. Peter Jackson alipokitengenezea filamu kitabu cha The Lord of the Rings, aliajiri mwanaisimu, David Salo, ili waigizaji wanaocheza Waelfi wasibabaishe maneno.

Ubishi wa ipi bora kati ya trilojia mbili, ile ya kwanza ya Star Wars na ya The Lord of the Rings, umekuwapo tangu Desemba 2001, filamu ya kwanza kati ya tatu za Jackson ilipotoka, na kwa kawaida huishia kwenye takwimu za tuzo au nani ana mapanga mazuri zaidi. Mimi naona tofauti kubwa iko kwingine. Lucas hakujua hadithi yake itaishia wapi. Jackson alijua. Karibu kila kinachonifurahisha na kila kinachoniudhi katika filamu hizi sita kinatoka hapo.

Tuanze na Lucas. Star Wars ilifunguliwa tarehe 25 Mei 1977 katika kumbi zisizofika 50 Marekani nzima. Kampuni ya 20th Century Fox ilikuwa imetoa takriban dola milioni 11 na haikuwa na matumaini makubwa. Lucas mwenyewe alikuwa amejiondokea kwenda Hawaii na rafiki yake Steven Spielberg, asisikie matusi ya wakosoaji. Alichokuwa amefanya kabla ya hapo kilionekana cha kipuuzi: badala ya kubanana na studio kuhusu mshahara, aliomba abaki na haki za filamu zitakazofuata na za bidhaa. Studio ikampa. Nani angenunua midoli ya filamu ya anga za juu?

Watoto wa Marekani wote, kumbe. Kampuni ya midoli ya Kenner haikuwa imejiandaa, na Krismasi ya mwaka ule ikauza maboksi matupu: ndani mna cheti cha kumwahidi mtoto kwamba midoli yake itatumwa ikishatengenezwa. Naomba msomaji atulie kidogo na picha hiyo, baba anamkabidhi mwanawe boksi tupu na mtoto anashukuru. Fedha za midoli zilimpa Lucas uhuru wa kuigharimia filamu ya pili mwenyewe, kwa akiba na mikopo, bila bosi wa studio kumwingilia.

Lakini filamu ya pili ingehusu nini? Ukiitazama ile ya 1977 peke yake, inaisha kabisa. Kituo cha adui kimelipuliwa, mashujaa wamevishwa nishani, muziki wa John Williams unapaa, basi. Hata yale maneno yanayopanda angani mwanzoni hayakuwa na "Sehemu ya Nne". Hayo yaliongezwa ilipoonyeshwa upya mwaka 1981. Darth Vader alikuwa mtumishi katili wa wakubwa wake, na baba yake Luke Skywalker, kijana shujaa wa hadithi, alikuwa marehemu aliyeuawa na Vader, kama mzee Obi-Wan alivyomweleza kijana. Leigh Brackett, mwandishi mkongwe aliyepewa kazi ya kuandika muswada wa kwanza wa The Empire Strikes Back, aliukabidhi mapema mwaka 1978 na akafariki dunia wiki chache baadaye. Katika muswada wake, baba yake Luke anatokea kama mzimu na kuongea na mwanawe. Vader ni mtu mwingine kabisa.

Ni baada ya kifo cha Brackett, Lucas akihangaika peke yake na muswada ambao haukumridhisha, ndipo baba na muuaji wakawa mtu mmoja. Uamuzi huo mmoja ndio uliobadilisha filamu ya vita vya angani kuwa hadithi ya ukoo. Siri ilitunzwa mno. David Prowse, jamaa wa miraba minne aliyevaa mavazi meusi ya Vader, alipewa sentensi ya uongo aiseme mbele ya kamera, kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba. Mark Hamill, aliyecheza Luke, aliambiwa ukweli muda mfupi kabla ya kurekodi, na sentensi halisi ikaingizwa studio na James Earl Jones, mwenye sauti ile ile ambayo watoto wetu wanaijua kwa Mufasa. Waigizaji wengine walikuja kuisikia ukumbini, pamoja na watazamaji.

Tazama uso wa Hamill katika tukio lile. Mkono umeshakatwa, chini yake ni shimo lisilo na mwisho, upepo unampiga, na anakataa kwa mwili mzima kama mtoto anayeambiwa habari ya msiba. Hakuna mpango wa miaka kumi unaoweza kuzaa kitu kile. Kilizaliwa kwa sababu mwandishi alikuwa amekwama na akathubutu kuivuruga hadithi yake mwenyewe.

Bei yake ililipwa katika filamu ya tatu. Obi-Wan, ambaye sasa ni mzimu, inabidi aeleze kwa nini alimdanganya kijana, na maelezo yake yanayumba. Anajitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli kwa namna ya kukitazama, na Luke anamkodolea macho, nami pia. Halafu Leia, binti mfalme, anageuka kuwa dada yake Luke, ilhali katika filamu ya pili alimbusu mdomoni mbele ya watu. Harrison Ford alitaka Han Solo, rubani aliyekuwa akimcheza, afe ili hadithi iwe na uzito. Lucas akakataa, na Solo anazurura filamu nzima bila kazi. Hata adui amekwisha mawazo, maana anajenga tena kituo kile kile kilicholipuliwa mara ya kwanza. Mtu asiye na ramani akichoka, hurudi alikopitia.

Jackson ramani alikuwa nayo, ya kuchapishwa kabisa, mbele ya kitabu. Shida yake ilikuwa fedha. Miramax, waliokuwa wa kwanza kuushika mradi, walikubali filamu mbili, kisha wakataka yote yabanwe kuwa moja. Jackson akapewa wiki chache atafute mwingine wa kuununua mradi. Alipokwenda New Line Cinema na mpango wake wa filamu mbili, mkuu wake, Robert Shaye, alimuuliza kwa nini mbili wakati vitabu ni vitatu. Hivyo kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, New Zealand, zote tatu zikarekodiwa kwa mpigo, kwa gharama iliyofika karibu dola milioni 280. Kama ya kwanza ingeanguka, New Line ingezama nayo.

Kujua mwisho kunampa fundi nafasi ya kuhangaikia vitu ambavyo hakuna atakayeviona. Kijiji cha Wahobiti, watu wafupi wa Tolkien, kilijengwa kwenye shamba la kondoo karibu na mji wa Matamata, na maua na mboga zikapandwa mwaka mmoja kabla ya kamera kufika, ili bustani zionekane zimeshakaliwa na watu wenye kupenda kula. Askari wa jeshi la New Zealand walisaidia kuchonga barabara. Katika karakana ya Weta ya Richard Taylor, deraya zilitengenezwa kwa kukata mabomba ya plastiki kuwa vipete na kuvifunganisha kimoja kimoja kwa mkono, vipete kwa mamilioni. Bernard Hill, aliyecheza mfalme Théoden, alikuta bamba lake la kifua limenakshiwa hata upande wa ndani, ule unaogusa mwili. Kamera haiwezi kufika pale. Ila mwigizaji anajua amevaa nini, na nadhani ndiyo maana Théoden akisimama anasimama kama mfalme.

Mafundi wa Lucas walikuwa watu wa aina nyingine. Kampuni yake, Industrial Light & Magic, aliianzisha mwaka 1975 akiwa na vijana waliokuwa hawajui kama wanachotaka kufanya kinawezekana. Walinunua madukani vifaru na meli za plastiki za kuunganisha, wakavichambua na kuvibandika vipande vyake kwenye vyombo vya angani, ndiyo maana Falcon inaonekana kama daladala iliyoshonwashonwa viraka na bado inakimbia. Burtt aliupata mlio wa panga za mwanga kwenye mota ya mashine kuukuu ya kuonyeshea sinema na mvumo wa televisheni. Ndege za adui zinapopita zinalia hivyo kwa sababu aliunganisha mlio wa tembo na gari linalopita kwenye barabara yenye maji. Mnyama huyo kafanya kazi kote kuwili: kwa Jackson anarudi kama ndovu mkubwa kuliko ghorofa, kabeba mnara wa wapiganaji mgongoni.

Jackson naye alijua kuokota alipolazimika. Alihitaji kelele za jeshi la maadui elfu kumi, akaingia uwanjani wakati wa mechi ya kriketi mjini Wellington na kuwaomba watazamaji wapige kelele za vita kwa lugha ya kubuni, kama kwaya, naye anawaongoza katikati ya kiwanja. Ukitazama vita vya ngome ya Helm's Deep, unaowasikia ni mashabiki wa kriketi.

Hata ramani yake ilitaka kumponyoka. Katika mpango wa awali wa filamu ya tatu, Sauron, adui mkuu ambaye muda wote ni jicho la moto tu, angeshuka mbele ya lango lake na kupigana kwa upanga na Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme. Walirekodi. Viggo Mortensen, anayemcheza Aragorn, alipambana weee. Kisha Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, wakaona kwamba wameigeuza hadithi kuwa ya mwanamume mmoja kumshinda mwingine kwa misuli. Sauron akafunikwa kwa kompyuta, na mahali pake pakawekwa zimwi la kawaida. Ukiitazama leo, Aragorn anahangaika na zimwi kuliko inavyostahili. Sababu ndiyo hiyo.

Tukio la Mlima wa Moto nalo lilirekodiwa kwanza vingine: Frodo, Mhobiti aliyebebeshwa pete ya Sauron, anamsukuma Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki pete hiyo, kwenye lava. Walipolitazama waliona mauaji ya kukusudia. Wakarudi kurekodi upya, na hapo ndipo filamu hizi zinapokutana na Star Wars mlango kwa mlango.

Kwenye vibanda vya video kuna sheria mbili ambazo kila mtoto anazijua. Stelingi hafi. Na adui mkuu lazima auawe na stelingi kwa mkono wake, mwisho kabisa, baada ya kupigwa kwanza. Trilojia hizi zote zinatii ile ya kwanza na kuivunja ya pili. Luke Skywalker, akiwa amemwangusha baba yake na upanga uko shingoni, anautupa upanga. Anakataa. Mfalme wa giza anaanza kumkaanga kwa umeme, na ni Vader, yule yule muuaji, anayeinuka na kumbeba bwana wake na kumtupa shimoni. Kwa filamu ya 1983 iliyojaa vidubu vya kuuza midoli, ni tukio la ujasiri mkubwa.

Frodo anakwenda mbali zaidi, kwa sababu Frodo anashindwa. Ametembea filamu tatu kwenda kuitupa pete motoni, amefika kwenye ukingo, na anaamua kuivaa. Stelingi amenunuliwa. Anayeiokoa dunia ni Gollum kwa tamaa yake, anayemrukia, kumng'ata kidole na kukiondoa pamoja na pete, na katika kunyang'anyana anaporomoka nayo. Gollum yuko hai kufikia siku hiyo kwa sababu moja tu: Bilbo, aliyekuwa na pete kabla ya Frodo, aliwahi kumhurumia, kisha Frodo mwenyewe, wakati rafiki yake Samwise na akili zake timamu alikuwa anashauri wammalize. Huwezi kuuweka mwisho wa namna ile dakika ya mwisho. Lazima uwe umeujua tangu hatua ya kwanza, uupande mapema, na umfanye mtazamaji aione huruma ile kama udhaifu kwa saa tisa.

Na Andy Serkis ndiye aliyewezesha. Aliajiriwa mwanzoni kwa ajili ya sauti, aliyoipata kwa kumwangalia paka wake akikohoa manyoya, akaishia kumcheza Gollum mwili mzima, mafundi wakichora juu ya miondoko yake. Namlinganisha na Yoda wa Empire, mwalimu mzee wa Luke, ambaye ni kikaragosi tu cha mpira, mkono wa Frank Oz uko ndani na sakafu imeinuliwa ili wanaomwendesha wajifiche chini. Yoda bado ananishawishi. Mafundi walimpa uchovu wa mzee, na Oz akajua wapi anyamaze.

Kuna jambo ambalo mtazamaji wa kwetu hawezi kulipita. Mwaka 1977 mtu mweusi pekee mwenye nafasi kubwa katika galaksi nzima alikuwa sauti, na hata jina la Jones halikuwekwa kwenye orodha, kwa hiari yake mwenyewe. Kofia ya Vader ilipovuliwa mwaka 1983, uso uliotokea ulikuwa wa Mwingereza, Sebastian Shaw. Billy Dee Williams aliingia mwaka 1980 kama Lando, na tunarudi kwenye chumba kile cha marubani: Mmarekani mweusi na lugha za Kenya ndio wanaolipua kituo cha adui. Kwa Jackson hakuna hata hicho. Watu wa kusini, Haradrim, wanakuja na ndovu wao, wamefunika nyuso, wanapigana upande wa Sauron na kufa. Lurtz, yule kiongozi wa Uruk-hai wa filamu ya kwanza, alichezwa na Lawrence Makoare, ambaye ni Mmaori, chini ya marundo ya mpira. Tolkien alikuwa na tafakuri moja kuhusu maiti ya askari wa kusini, kama kweli alikuwa mtu mbaya au alidanganywa na kutishwa hadi akaacha nyumbani kwake. Jackson aliirekodi, akampa kamanda Faramir aiseme. Imo katika toleo refu tu. Kati ya vyote vilivyokatwa kwa ajili ya kumbi za sinema, hicho ndicho kilichohitajika zaidi kubaki.

Katikati ya safari, hata hivyo, Lucas anashinda bila ubishi. Empire inaisha na Solo amegandishwa na kuchukuliwa, Luke amekatwa mkono, na hakuna aliyeshinda chochote. The Two Towers inajificha nyuma ya vita vikubwa, na pale ilipoiacha ramani, kwa kumfanya Faramir amkokote Frodo hadi mji wa Osgiliath bila sababu ya maana, inapoteza nusu saa.

Wanaolalamika kwamba The Return of the King haiishi, kwamba ina miisho mitano, nawaelewa. Ni saa tatu na dakika 21, na kibofu kina mipaka. Lakini katika miisho hiyo mmoja ni baa ya kijijini. Wahobiti wanne wamerudi, wamevaa nguo za kifalme, wameketi na bia zao, na hakuna anayewauliza walikuwa wapi. Wanakijiji wanashangilia boga kubwa alilolileta mwenzao. Wanne wale wanatazamana, wanagonganisha vikombe. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916 na kupoteza marafiki wa karibu, na ingawa hakupenda kitabu chake kisomwe kama fumbo la vita, mtu aliyetoka vitani atalijua lile boga. Return of the Jedi inaishia kwenye ngoma na fataki. Luke amemchoma baba yake usiku ule ule, kisha anakwenda kukumbatiana na wenzake akitabasamu.

Tuzo zilifuata mkondo huo. Star Wars ilipata Oscar sita za kushindaniwa na ile kubwa ikaenda kwa Annie Hall. The Return of the King iliteuliwa katika vipengele 11 mwaka 2004 na ikavizoa vyote, filamu ya kwanza ya fantasia kuchukua tuzo ya filamu bora.

Lucas hakuacha kuitafuta ramani hata baada ya safari kwisha. Mwaka 1997 alizitoa upya filamu zake zikiwa na wanyama wa kompyuta wakikatiza mbele ya kamera, na Greedo akafyatua kwanza ili Solo asionekane muuaji. Mwaka 2004 akamwondoa Shaw kwenye mizimu ya mwisho na kumweka Hayden Christensen. Jackson alitoa matoleo marefu, zaidi ya saa 11 kwa jumla, ila aliyaacha ya ukumbini yakiuzwa pembeni, mnunuzi achague. Ya Lucas ya asili yalipatikana kwenye DVD mwaka 2006 kama nyongeza, kwa ubora hafifu, kana kwamba mwenyewe anayaonea aibu.

Kwa hiyo anayetaka kuwaanzishia watoto wikiendi hii, awape Star Wars wakiwa na miaka saba au minane, na asiwaambie chochote kuhusu baba yake Luke. Binamu zao watajaribu, wafungiwe nje. The Lord of the Rings iwasubiri kidogo, hadi wafike umri wa kuuliza kwa nini Frodo hakuitupa. Na usiku wa Empire umeme ukizimika katikati, uwe wa TANESCO au wa jenereta, awasimulie kilichobaki kwa mdomo.